Kona ya Nyuma ya Tangi

Usiku ule wa kuamkia Jumatatu, matanga ya Sefu yalikuwa yameanuliwa mchana wake, nami nililala na hasira kama mtu aliyelala na njaa.

Sefu alikuwa mwenzangu kwenye karakana ya ndege ndogo. Kazi yetu ilikuwa kuziba matangi ya mafuta, yale yaliyomo ndani ya mabawa. Mmoja anajipenyeza ndani na kupaka gundi kwenye maungio, mwingine anakaa kwenye tundu na kugonga bati. Aliye ndani hujibu kwa kugonga. Asipojibu, anavutwa miguu.

Msimu wa joto tulipaka alfajiri tu, kabla paa halijapata moto, maana joto likizidi gundi inagandia koponi. Sefu alifia ndani ya tangi mchana, mimi nikiwa nimeshatoka zamu. Msimamizi wetu, Bwana Mkude, alimwingiza peke yake kwa sababu mwenye ndege alikuwa anaisubiri. Gundi ilipoanza kuganda akaamuru itiwe thina ya kuiyeyusha, isitupwe, ingawa gundi yenye thina haishiki. Waliokuwapo walimsikia. Kwenye tundu hakuweka mtu. Makaburini akatuambia Sefu alikuwa na moyo mbovu tangu utoto, na mama yake Sefu akaitikia, "Haya, baba."

Basi naota. Niko jikoni kwangu nasonga ugali, mwiko unazidi kuwa mzito. Natazama sufuriani, si ugali, ni gundi. Sefu amekaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, amevaa ovaroli, vidole vyake vimegandana.

"Da Zuhura na mapishi yako," anasema. "Hata huko niliko hawali hivi."

Nilicheka. Nilitaka kumwuliza kama ameshakula, lakini jiko lilikuwa limekwisha kuwa tangi. Tumelala kifudifudi, bati linachoma, harufu ya thina inakaba koo. Sefu anagonga. Anagonga tena. Nje namsikia Mkude anaongea na simu, anacheka. Nami nikaanza kugonga, kwa ngumi, nikimtukana kwa matusi ambayo sijawahi kuyatamka nikiwa macho. Sefu akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi katika joto lile.

"Acha," akasema. "Hapo hapana mtu."

Halafu mama yake anapita humo humo tangini, amesimama wima kana kwamba ni sebuleni kwake, ana birika mkononi. Anamwuliza mwanawe, "Moyo unaendeleaje?"

Sefu alinigeukia mimi, na uso ule sikuwahi kuuona kwake alipokuwa hai.

"Kona ya nyuma haijashika. Wakilifunga, wamenifunga mimi."

Nikaamka. Ngumi yangu ilikuwa inauma. Nilikuwa nimepiga ukuta.

Tangi lile alimofia Sefu lilikuwa lifungwe asubuhi hiyo hiyo. Sikunywa chai. Nilifika karakana kabla ya wote, nikalala juu ya bawa, nikaingiza mkono hadi kona ya nyuma. Gundi ikanifuata vidoleni, laini kama uji. Nikaketi juu ya tundu.

Wenzangu wakaja, wakasimama. Mkude akaja na mfuniko mkononi.

"Zuhura, shuka. Tumechelewa."

"Kona ya nyuma haijashika."

"Nani kakwambia?"

"Sefu."

Alitaka kucheka, akaona hakuna anayecheka naye. Nikasogea, nikamwachia tundu wazi.

"Weka mkono wako," nikamwambia.

Hakuuweka.