Mwiba wa Mzee Mayala

"Shangazi, hivi neno saratani unalisemaje mbele ya mgonjwa asitoke mbio?"

Maulida aliuliza hivyo akiwa darasa la sita, anamenya ndizi jikoni kwao Mkuyuni. Shangazi yake, Daktari Sihaba, alikuwa na miezi mitatu tu kitengo cha dharura. Akasonya. "Wewe menya ndizi."

Ukweli ni kwamba yeye mwenyewe neno hilo lilimshinda. Neno lile likimfika mdomoni linageuka kuwa "uvimbe kidogo", na siku moja, Mungu amsamehe, "kale kajambo". Mgonjwa wa kale kajambo alishukuru sana, akaenda zake, hakuonekana tena. Sihaba akaapa hatampoteza mwingine kwa namna hiyo.

Wiki hiyo hiyo akaingia Mzee Mayala wa Usagara na mkewe, Mama Odeta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nitoe mwiba nirudi, nimeacha ng'ombe." Akafungua karatasi ya daftari, ndani yake mwiba mkavu wa samaki sato. "Ndugu yake huyu hapa. Nimekuletea ufananishe."

"Ulikukwama kooni lini?"

"Mwezi wa pili."

Huo ulikuwa mwezi wa sita!

"Huyu mama hajui kuchambua samaki," mzee akashtaki.

"Miaka thelathini nakupikia, leo ndiyo sijui?"

Kama wafanyavyo watu wa ziwani, mzee alikuwa akiusukuma mwiba kwa matonge makavu ya ugali, makubwa kama ngumi. Kwanza ugali ukagoma, kisha wali. "Sasa hata uji unapiga hodi kwanza," alisema.

Sihaba akamtazama kiunoni. Mkanda ulikuwa na matundu manne mapya, yametobolewa kwa msumari. Mzee alikuwa amekonda si kidogo.

"Mzee, sidhani kama kuna mwiba. Nadhani ni ka... ni kale..."

"Kama huuoni, sema! Kule Pasiansi kuna bibi anapapasa shingo tu, mwiba unatoka wenyewe." Akainuka.

Mama Odeta akamdaka mkanda kwa nyuma. Mzee akawa anapiga hatua palepale, kama ndama kwenye kamba.

"Sema, daktari, nimemshika!"

Sihaba akavuta pumzi. "Nahofia ni saratani, mzee, kwenye njia ya chakula. Ulale hapa, kesho tukupime kwa kamera tujue."

Miguu ya mzee ikasimama. Miezi minne Mama Odeta alikuwa akisubiri mtu aseme kosa si lake, na sasa limesemwa, hakulitaka.

"Daktari," akasema polepole, mkanda bado mkononi, "hebu tafuta tena mwiba. Huenda kweli nilimchambua vibaya."

Mzee akageuka, akamtazama mkewe. Akakaa.

"Hukumchambua vibaya," akasema. "Daktari, lete hiyo karatasi ya kulazwa."

Kamera haikukuta mwiba. Ilikuta uvimbe, na kipimo cha kinyama kilichokatwa hapo kikathibitisha ni saratani. Matibabu yakaanza wiki ileile, Mama Odeta akibeba chupa ya uji na kutembea nyuma ya mumewe, karibu na mkanda.

Mwaka huu Maulida, sasa akiwa kidato cha nne, alikuta kwenye droo ya shangazi yake mwiba mkavu ndani ya karatasi ya daftari. Shangazi akamsimulia habari za Mzee Mayala. Maulida akakumbuka swali lake la jikoni, akaliuliza upya.

Sihaba akacheka mpaka akajifuta macho.

"Kwanza natafuta wa kumshika mgonjwa mkanda," akasema. "Halafu nalisema lote, kama lilivyo."