Mkono wa Kushoto wa Lottie Pytel

Ungemkuta Lottie Pytel kwenye maonyesho ya silaha usingemdhania mkusanyaji. Wakusanyaji ni wanaume kama mimi, tumbo mbele, kofia kichwani, na maneno mengi kuliko bastola. Yeye ni bibi wa miaka sabini na nne, mfupi, na mkoba wake una karatasi nyembamba na penseli laini. Alikuwa akipita meza hadi meza akiomba ruhusa ya kuweka karatasi juu ya bastola ya mtu na kuisugua kwa penseli mpaka nakshi itokee. Kisha anaandika namba ya bastola pembeni, anashukuru, anaondoka. Hanunui kitu. Wenye meza hawakumpenda hata kidogo.

Alichokuwa akikifuatilia ni kazi ya chumba kimoja. Hapa bondeni kwetu, Massachusetts, palikuwa na kiwanda cha Varnum, na ghorofa yake ya tatu ilikuwa na chumba cha oda maalumu. Watu sita tu ndio waliofanya kazi humo, wakitengeneza bastola za nusu otomatiki moja moja, kila moja kwa mteja wake. Zilizovuma kuliko zote ni zile zenye nakshi ya majani ya mzabibu. Zilitoka mia mbili na kumi na mbili, kiwanda kikafungwa. Sisi wa chama cha wakusanyaji tunazijua kwa namba zake kama mtu anavyowajua wajukuu wake. Na sote tulijua aliyezikata nakshi: Anselm Vogt, fundi aliyetoka Austria, Mungu amrehemu. Orodha ya chama ndivyo ilivyosema. Vogt, Vogt, Vogt, kurasa kumi na nne.

Lottie alifanya kazi chumba hicho miaka kumi na tisa. Kwenye vitabu vya kiwanda aliandikwa msugua vyuma. Yeye anasema kwamba mwaka 1971 mikono ya Vogt ilianza kutetemeka, na mzee mwenyewe ndiye aliyemkalisha mbele ya jiriwa yake, kile chombo cha kubania chuma, akamfundisha. Tangu hapo majani mengi ya mzabibu aliyakata yeye. Msimamizi akamwambia afunge mdomo, wateja wanamtaka Vogt. Akaufunga. Alikuwa na watoto watatu na mume aliyeipenda chupa kuliko kazi. Kiwanda kilipofungwa, na Vogt akafa, na mume naye akafuata, Lottie akaona hana tena wa kumwogopa.

Mimi nilikuwa mmoja wa waliomcheka, sitaficha. Naitwa Normand Gauthier, nimesambaza barua miaka thelathini na moja, na bastola yangu ni namba 88. Niliinunua kwa kuwa ni kazi ya Vogt. Unadhani nilitaka kuambiwa ilikatwa na mama wa kusugua vyuma?

Halafu siku moja akaniomba nimpeleke Maine, maana barabara kuu zinamtisha. Huko kulikuwa na mjane mwenye namba 167. Tulikaa jikoni kwa mjane huyo, tukala keki ya tufaha, na Lottie akasugua karatasi yake. Akaniwekea kando ya karatasi nyingine, ya kazi ya Vogt, akanipa kioo cha kukuzia. Vogt alikuwa mtu wa mkono wa kulia, akaniambia, na yeye ni wa mashoto. Ile mistari midogo ya kivuli ndani ya jani, ya Vogt inalalia upande huu, ya kwake inalalia ule. Nikatazama. Nikaona waziwazi. Kesho yake nikajiambia sikuona kitu, kwa sababu mtu akitaka kujidanganya hakosi msaada.

Kwa hiyo mwezi wa tatu mwaka huu mambo yakafika mahali pake. Orodha mpya ilikuwa inakwenda kuchapwa, na orodha yetu huchapwa mara moja kila miaka ishirini. Lottie alijua hesabu ya umri wake. Ama jina lake liingie safari hii, ama azikwe akiwa msugua vyuma. Akaandika barua kwa chama akidai isikilizwe na ipigiwe kura kwenye mkutano wa mwaka.

Tulikutana Jumamosi asubuhi kwenye ukumbi wa klabu ya Wapolandi. Mlangoni kijana wa ulinzi alikagua kila bastola kama ina risasi, akapitisha kamba ya plastiki ili isiweze kufyatuka. Jikoni akina mama walikuwa wanakaanga vitunguu vya pierogi, yale maandazi ya Kipolandi ya kujaza viazi, harufu inatuvuruga akili. Mbele alisimama mwenyekiti wetu, Everett Hazeltine, mwalimu mstaafu, glovu nyeupe za pamba mikononi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Hazeltine anazijua bastola za Varnum, na orodha ile aliiandika yeye kwa jasho lake.

Lottie alieleza kwa dakika ishirini. Alibandika karatasi zake tisini na nne ukutani, za Vogt upande huu, zake upande ule. Watu walisimama, wakachungulia, wakakohoa. Mmoja akasema penseli inaweza kuonyesha chochote unachotaka. Mwingine akauliza kama kuna hati yoyote ya kiwanda yenye jina lake, akijua kabisa haipo.

Hazeltine akaongea kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma.

"Bi Lottie, unajua tunavyosema hapa. Nunua bastola, usinunue hadithi. Lakini hatutaki uondoke mikono mitupu. Tutaandika 'Vogt na wasaidizi wake.'"

Watu wakapiga makofi. Walidhani yamekwisha.

"Wasaidizi walikuwa wawili," Lottie akasema. "Mmoja alikuwa analeta kahawa. Mwingine alikuwa anafagia. Mimi sikumsaidia mtu, Everett. Nilikata."

"Bila hati nitafanya nini, bibi?"

"Tulia hapo hapo uitazame hati yenyewe."

Akafungua mkoba akatoa boksi la namba 131. Hiyo ndiyo bastola pekee anayoimiliki, na ili aipate aliuza gari la marehemu mumewe. Haijawahi kupigwa hata risasi moja. Rangi yake ya buluu ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani, haina hata mkwaruzo. Kwetu sisi bastola ya namna hiyo haiguswi kwa kidole kitupu. Tunaogopa jasho, tunaogopa kitambaa kibaya, kuna wanaoogopa hata kuipumulia. Na zote zile za majani ya mzabibu zina kiduara kitupu ubavuni, katikati ya majani, kilichoachwa kwa ajili ya jina la mwenye mali. Kikiwa bado kitupu, bastola ndiyo inazidi thamani.

Lottie akatoa jiriwa ndogo, akaifunga kwenye meza. Akaibana 131 kwa vipande vya ngozi. Akatoa patasi ya kunakshi, nyembamba kama msumari, na nyundo yake. Hapo ndipo watu walipoelewa.

Ukumbi mzima uliinuka. Hazeltine alinyoosha mkono kumzuia, akasita, maana bastola ni ya mwenyewe. Akamsihi. Akamwambia hakuna atakayeweza kuirudisha ilivyokuwa.

Lottie akashika patasi kwa mkono wa kulia, nyundo kwa ule wa kushoto, akaanza. Sauti ilikuwa ndogo tu, tik, tik, tik, na chuma cheupe kikatokea chini ya ile buluu. Ilimchukua kama robo saa. Alikata L, akakata P, na kuzizunguka akakata jani moja la mzabibu, likashikana na majani ya zamani. Akapuliza vumbi la chuma, akampa Hazeltine kioo.

Hazeltine alitazama muda mrefu. Mistari ya kivuli ilikuwa inalalia upande mmoja, mipya na ya zamani.

"Umeiharibu," akasema, lakini sauti haikuwa na nguvu.

"Kazi yangu mwenyewe nitaiharibuje?"

Mtu mmoja nyuma akasema fundi mzuri anaweza kuiga chochote, hata mashoto. Nikaona vichwa vinaanza kutikisika kukubali, na hasira ikanipanda, hasira ya kujichukia mwenyewe zaidi. Nilikuwa nimejua tangu Maine nikanyamaza. Nikavua glovu zangu. Nikaichukua namba 88 kwenye meza ya maonyesho nikaenda nayo mbele, nikamwekea.

"Tia jina na kwenye hii, Lottie," nikasema. "Nimechoka."

Akaichukua kwa mikono miwili. Akaisogeza dirishani, akaigeuza, akaitazama kwa kioo majani yote. Kisha akanirudishia.

"Siwezi, Norm. Hii ni ya Anselm. Tazama anavyomaliza jani. Mimi sikuwahi kuliweza hilo."

Mwongo angeichukua. Nilisimama pale na kazi halisi ya Vogt mkononi, ile niliyoilinda miaka yote, na nikaona wivu kwa wenye zile za Lottie.

Hazeltine akaenda kwenye kabati la vioo, akafungua kwa ufunguo wake, akarudi na namba 140. Ni yake. Iko kwenye jalada la orodha. Jani lake la chini limepinda kwa namna ambayo hakuna bastola nyingine inayo, na juu ya jani hilo moja ameandika kurasa mbili kuhusu ujasiri wa fundi mkuu. Akaiweka mezani. Glovu alikuwa amezivua.

Lottie hakuhitaji kioo.

"Yangu. Nilikuwa na mimba ya Theresa, mwezi wa nane. Tumbo lilinizuia kuisogelea jiriwa, patasi ikaniponyoka. Nikalipinda jani lote ili lisionekane kosa."

Mzee wa watu akaketi.

"Nimeliandikia kurasa mbili," akasema.

"Nilizisoma. Nilizipenda." Akamsogezea orodha iliyokuwa inangoja kwenda kuchapwa. "Sasa andika jina."

Akatoa kalamu mfukoni, akafungua ukurasa wa kwanza, akamuuliza Pytel inaandikwaje.