Nilimount folda nzima ya send-off, ukoo wote ukasoma orodha ya wasiopewa maiki

Wakuu, habari za muda huu. Haya yamenikuta mwenyewe na sijaongeza chumvi, iliyokuwemo ilinitosha.

Naishi Mandewa, Singida mjini, kazi yangu IT. Dada yangu Eliwaza alikuwa na send-off, akaniomba website ndogo ya picha ili ndugu waangalie.

Nikaiweka kwenye container ya Docker, kwenye laptop yangu.

Kwa wasio wa fani: container ni kama chumba kilichofungwa ndani ya kompyuta. Programu iliyomo haioni mafaili yako. Ukitaka ione, unamount folda, yaani unaifungulia mlango. Ukiweka kitu kwenye folda, inakiona hapo hapo.

Badala ya kumount folda ya picha tu, nikamount folda nzima ya send-off. Uvivu.

Link nikaitupa group la ukoo.

Sasa kwenye folda hiyo kulikuwa na faili tuliloandika mimi na Eliwaza huku tunacheka, na website ikalionyesha pamoja na picha. Jina lake: WASIPEWE MAIKI.

Namba moja: Mjomba Mkumbo wa Kiomboi. Sababu: "Akianza kuongea, bwana harusi anazeeka."

Asubuhi Eliwaza kanipigia analia. "Kaka, mjomba kasema haji!"

Na yeye ndiye wa kumkabidhi bibi harusi.

Nikalifuta faili kwenye laptop, na kwenye website likapotea sekunde ile ile. Mount inafanya kazi safi kabisa! Ila screenshot zilishafika mpaka kijijini Mtinko.

Nikapanda basi la Kiomboi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kwa hiyo namba moja ni mimi?"

"Nisamehe mjomba. Nilikosa adabu."

Akainama. Nikaona mabega yake yanatikisika, nikajua nimekwisha. Kumbe anacheka.

"Nimekusamehe. Ila shangazi yako kumuweka namba nne, hapo mmenionea. Yule ananipita mbali!"

Siku ya send-off MC akampa maiki. Ukumbi mzima macho kwake. Mjomba akamshika Eliwaza mkono.

"Mwanangu, nenda kwa amani. Mengine nimekatazwa."

Akakaa.

Watu wanapiga meza aendelee, yeye anakunywa soda yake taratibu. Eliwaza akacheka mpaka wanja ukamchuruzika.

Nilichojifunza: mount folda inayohitajika tu, basi. Kama programu ni ya kusoma tu, weka read-only, yaani isome bila kuweza kubadili wala kufuta. Hiyo isingeniokoa mimi, lakini itaokoa mafaili yenu yasifutwe. Na umbea wa ukoo usemeni kwa mdomo.

Wazee wa Docker, nani mwingine alishafungua mlango usio wake? Leteni, mimi aibu yangu mmeshaiona.