Maiti Aliyevishwa Lulu

Wanawake wa kwaya waliobaki nyumbani walimfuata Marthe kwenye kibanda chake cha ushonaji katika mtaa wa Marshalltown, wakitaka kuona picha za safari ya Ujerumani. Picha hakuwa nazo. Alichorudi nacho ni kinyaa, na hicho aliwagawia bila choyo.

Alikuwa amechaguliwa kuimba peke yake wimbo wa shangwe katika kanisa la kale la mji mmoja wa huko. Papa François, kiongozi wa kwaya, alikuwa amewaonya kwamba wakipendeza wataalikwa tena mwakani, na kwa watu wanaoishi kwa karatasi za ukimbizi, mwaliko kama ule si wa kuchezea.

Kanisa lilimchosha macho tangu mlangoni. Dhahabu juu, dhahabu chini, nguzo zimesokotwa kama nywele za saluni, malaika wanono wamekaa matako wazi juu ya altare. Marthe alimeza mate, akajiambia mgeni hachagui. Kisha akaona sanduku la kioo. Ndani amelala mtu, mifupa mitupu, kavishwa hariri na kofia ya lulu, mawe mekundu yamepachikwa palipokuwa macho. Ni mtakatifu, wakaambiwa, yuko pale karne tatu sasa. Watalii walimpiga picha huku wakitafuna peremende. Marthe alimvuta kiongozi wake mkono.

"Papa François, huyu mutu hawayamuzika."

"Ni desturi yabo, Mama Marthe. Imba tu ile tulikuya nayo."

Aimbe shangwe vipi? Kwao Uvira, alikokimbia, maiti akiwa bado juu ya ardhi, huimbwa nyimbo za matanga tu, mpaka kaburi lifukiwe. Na hawa wamekaa na maiti wao miaka yote hiyo wakipiga kinanda, wala haya hawana.

Zamu yake ilipofika, aliwapa watu mgongo, akamwelekea yule wa kwenye kioo, akaanza wimbo walioimba wakimzika mama yake. Wanakwaya walishtuka, kisha wakaitikia mmoja mmoja, kwa sababu mfiwa haachwi aimbe peke yake. Mwishowe hata Papa François aliitikia, machozi yakimtoka.

Kanisa zima likasimama, likapiga makofi, likaomba wimbo urudiwe. Wamealikwa tena mwakani, mradi Marthe auimbe ule ule.

Wanawake walimsihi akubali, nao wapate kwenda. Marthe alitema mate nje ya mlango.

"Miye nilisha kumulilia," alisema. "Kumuzika, ni kazi yabo."