Mkono Ulioshika Winchi

Ipo Jumapili moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka viganja vyangu hutoka jasho, ingawa karibu wote waliokuwapo wameshatangulia mbele ya haki.

Ilikuwa miaka michache baada ya vile vita vikubwa vya pili. Mimi na kaka yangu Shija tulikuwa tumetoka kwetu, upande wa Kharumwa, tukaenda kutafuta kazi kwenye mgodi wa dhahabu maeneo ya Geita. Shija alikuwa na kifua kipana, wakampeleka chini ya ardhi. Mimi nikapangiwa kukata magogo ya kuzuia mawe yasianguke. Nilikuwa nimeoa mwaka ule ule, na mke wangu alikuwa mjamzito, kwa hiyo Jumamosi na Jumapili sikupumzika. Nilikwenda kwenye klabu ya Wazungu kubeba mifuko ya fimbo za gofu.

Hujawahi kuuona mchezo ule, basi nikueleze kwa ufupi. Mtu anapiga kampira kadogo kwa fimbo, anakafuata kwa miguu, anakapiga tena, mpaka kaingie kwenye shimo lililowekewa bendera. Kisha anakwenda kwenye shimo jingine. Wanacheza kwa makundi, kundi nyuma ya kundi, kama ng'ombe wanaoteremka kisimani. Wa mbele akisimama, wote nyuma wamesimama. Kwenye klabu ile hapakuwa na majani mazuri. Kuzunguka kila shimo palimwagwa mchanga uliochanganywa na oili chafu ili upepo usiupeperushe, na mbuzi wa watu walipita katikati wapendavyo.

Sasa, alikuwapo Mzungu mmoja mzee tuliyemwita Bwana Winchi, kwa sababu ndiyo kazi yake. Watu waliingia mgodini kwa kizimba cha chuma kilichoning'inia kwenye kamba ya waya, na yeye ndiye aliyeendesha ile winchi iliyokishusha na kukipandisha. Alikaa kwenye kibanda chake, mbele yake kuna kitu kama saa kubwa yenye mshale mmoja, ukimwonyesha kizimba kimefika wapi. Akisimamisha mapema, watu wananing'inia gizani. Akichelewa, kizimba kinagonga chini na watu wamo ndani. Alikuwa mtu mwema. Asubuhi alitusalimia “mwangaluka” kama Msukuma, na hatukuwahi kumsikia akimtukana mtu.

Lakini kwenye gofu alikuwa ameanza kuwa balaa. Zamani alicheza kama wenzake. Mwaka ule alisimama mbele ya mpira hadi ukadhani amelala. Alinong'ona na mchukuzi wa mfuko wake, Mzee Masanja, akasogea, akasimama tena. Nyuma yake makundi yalijazana juani, Wazungu wamevimba kwa hasira, wengine wanapiga miluzi. Kapteni wa klabu, mtu mwenye shingo nyekundu na maneno makali, aliona haya kumkaripia mzee, tena Mzungu mwenzake. Akatugeukia sisi. Alitukusanya nyuma ya jiko la klabu akasema, “Mchukuzi yeyote ambaye Bwana wake anachelewesha watu, huyo hana kazi hapa, na nitaongea na ofisi ya mgodi.”

Ndivyo dunia ilivyo, mwanangu. Wapiganapo tembo nyasi huumia.

Jumapili ninayokwambia, Mzee Masanja alikuwa nyumbani na homa. Wachukuzi walipomwona Bwana Winchi anakuja, kila mmoja akapata la kufanya. Huyu anafunga kiatu, yule anakwenda haja. Mimi nilikuwa natoka kunywa maji, nikajikuta peke yangu mbele yake. Akanipa mfuko wake. Nikaupokea huku nikifikiria ofisi ya mgodi, na mke wangu, na tumbo lake.

Shimo la kwanza nilimwomba Mungu tu. Kapteni mwenyewe alikuwa kundi la nyuma yetu, na nilisikia sauti yake. Shimo la pili, Bwana Winchi akaniuliza taratibu, “Bendera iko wapi?”

Nikadhani anatania. Bendera ilikuwa mbele yetu, nyekundu, inapepea. Nikamwonyesha kwa kidole. Hakufuata kidole changu. Akasema, “Usionyeshe. Sema. Kulia au kushoto ya ule mti?”

Nikamwambia. Akapiga. Tulipoufikia mpira, nilimwona anainama na kupapasa udongo kwa vidole, kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka gizani. Jua lilikuwa utosini. Mpira ulikuwa mweupe, karibu na kiatu chake.

Hapo, mwanangu, nikajua haoni. Sikumwogopa tena kapteni wala miluzi yake. Niliona kizimba. Nilimwona Shija na wenzake wamesimama humo bega kwa bega kesho asubuhi, na mkono huu huu unaopapasa mchanga ndio umeshika winchi.

Sijui tulimalizaje. Nakumbuka nilikuwa nasema “kulia, Bwana,” “kushoto, Bwana.” Tulipofika klabu, kapteni akaninyooshea kidole akasema ataniona kesho. Hata sikumjibu. Nilikimbia mpaka kwa Mzee Masanja.

Nilimkuta amejilaza kwenye mkeka, amejifunika shuka, mkewe anamkanda. Nikatoa shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo. Nikamweleza nilichokiona. Nilitaka aniambie, “Wewe kijana, umekosea, Bwana haoni vizuri akiwa kwenye jua tu.” Badala yake aligeukia ukutani.

“Nilijua,” akasema. “Tangu kipupwe.”

“Na ukanyamaza, Mzee?”

Alivuta shuka mpaka kidevuni. Kisha akanieleza kwamba miaka ya nyuma, kabla hajawa mchukuzi, alifanya kazi chini. Siku moja maji yalipasua mwamba na kuingia. Wenye winchi wengine wangeondoka kwenye kibanda na kukimbia kutazama, lakini Bwana Winchi alikaa, akashusha kizimba na kukipandisha, akashusha na kupandisha, mpaka mtu wa mwisho akatoka. Yule wa mwisho alikuwa Masanja. “Mtu aliyekutoa kaburini,” akasema, “utamwendea vipi umwambie kazi yake imekwisha? Hana mke, hana mtoto. Winchi ndiyo nyumba yake. Nikasema nitamsaidia kwenye mchezo, na huko kazini mkono wake umeshazoea.”

Nikamwambia, “Mzee, Shija anashuka kesho.”

Mkewe aliacha kukanda. Masanja akafumba macho, halafu akasema, “Nipe fimbo yangu.”

Mama yule alimkataza, kwa sababu mwili ulikuwa unawaka. Hakusikia. Tukatoka, yeye ameniegemea, anatetemeka kwa homa na mimi natetemeka kwa hofu. Tulipopita kambi ya wafanyakazi, watu walikuwa wamekaa nje, wanapika ugali, wanacheza bao, mmoja anamnyoa mwenzake. Masanja akasimama akawatazama. Kisha akaniuliza swali ambalo nimeishi nalo mpaka uzee huu.

“Kama nisingeinuka, wewe ungefanya nini?”

Nikasema ukweli. “Ningemzuia Shija asiende kazini.”

“Na hawa?” Alielekeza kidevu kwa wale waliokuwa wakicheza bao. “Hawa hawakuzaliwa na mama? Mimi nimekosa kwa kumhurumia mtu mmoja. Usije ukakosa kama mimi, kijana. Huruma ya kumtazama mtu mmoja tu inaua wengi.”

Nilitazama chini tukaendelea.

Bwana Winchi alikuwa barazani kwake, amekaa kwenye kiti cha kamba, chai imepoa mezani. Alitambua mwendo wa Masanja kabla hatujafika. “Masanja,” akasema, “unaumwa. Kwa nini umetembea?”

Masanja akavua kofia. Hakukaa. “Bwana, nimekuja kukuomba kitu kigumu. Kesho usishike winchi.”

Siku zile, mwanangu, Mwafrika kumwambia Mzungu acha kazi yako lilikuwa jambo la kufukuzwa mgodini kabla jua halijazama, na pengine kulala rumande.

“Nani anasema?”

“Mimi. Macho yako yamekwisha, Bwana. Nimekuwa nikiyaficha pamoja na wewe.”

Yule mzee aligeuza uso upande wangu. “Na huyu kijana?”

“Huyu hajasema neno kwa mtu. Mwenye maneno ni mimi.”

Bwana Winchi akainua mkono wake akautazama, au akafanya kama anautazama. “Mkono huu unaijua winchi bila macho. Miaka mingapi, Masanja? Naisikia kamba. Naisikia kengele.”

“Hata fimbo mkono wako uliijua, Bwana,” Masanja akajibu polepole. “Leo kijana alikuwa anakuambia mpira ulipo.”

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Aliinuka, akapapasa mlango, akaingia ndani, akaufunga. Tukabaki pale barazani na chai yake, hatujui kama amekubali au amekwenda kuandaa kutufukuza.

Nilimweleza Shija jioni ile. Alinisikiliza akitafuna, akasema, “Nisiposhuka, nafasi yangu atapewa mwingine, kizimba kitashuka vilevile. Nikimbie nimwachie mwenzangu kifo?” Niliona aibu mara ya pili siku ile ile.

Alfajiri nilikuwa mdomoni mwa mgodi. Watu walipanga foleni na taa zao, wanapiga miayo. Nilitaka kupaza sauti, na ulimi ukakauka kama gome. Kibanda cha winchi kilikuwa na dirisha dogo lenye vumbi, hukuweza kuona nani yumo. Shija akaingia kwenye kizimba. Akanitazama mara moja, akageuza uso. Kengele ikalia. Waya ukaanza kukimbia.

Mwanangu, nimezika watoto wawili na nimelala njaa, lakini sijawahi kuwa na hofu kama ile ya kutazama waya unashuka na kushuka, na huko mwisho wake yuko mtu wa tumbo moja nami. Nilishika nguzo. Nilisikia waya unapunguza mwendo. Ukasimama. Kimya. Kisha ikaja kengele kutoka chini: salama, wametoka.

Ndipo mlango wa kibanda ulipofunguka, akatoka Bwana Winchi. Nyuma yake, kwenye kiti, nikamwona kijana wa Kizungu, fundi wa mitambo, ndiye aliyeshika winchi. Mzee alikuwa amekwenda mwenyewe kwa meneja usiku ule na kusema habari zake. Alisimama pale nje na kofia mkononi, akisikiliza kamba mpaka zamu nzima ikashuka.

Meneja alimuuliza nani aliyejua. Alisema hakuna. Majina yetu, la Masanja na langu, hayakutajwa kamwe, nami sikufukuzwa. Kapteni alipopata habari kwamba mzee alikuwa haoni, alikuja nyuma ya jiko, akatutazama kwa muda, akasema ile amri yake imefutwa. Tangu siku ile, kundi lililochelewa lilikaa pembeni na kuwapisha wa nyuma, bila miluzi na bila matusi. Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Wiki chache baadaye Bwana Winchi alipanda lori la Mwanza kwenda kukamata treni ya kurudi kwao. Masanja alimbebea sanduku, na niliwaona wameshikana mikono muda mrefu.

Sasa sikia, mwanangu. Ukikuta mtu amesimama njiani na kukuzuia, usianze na mluzi. Muulize ana nini. Pengine ni uvivu, na pengine anaficha jambo litakalowaangukia wengi, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Na wewe ukijiona nguvu zimepungua, wapishe wenzako ungali unaweza kupisha kwa heshima. Zaidi ya yote, ukiijua hatari, usimwokoe ndugu yako peke yake kisha ukajiita mwema. Hofu utakuwa nayo, wala sikuambii usiogope. Mimi niliogopa mpaka magoti yakalegea. Nenda hivyo hivyo na magoti yako. Ukishindwa kwenda peke yako, tafuta mkubwa wa kumwegemea, hata kama naye ana homa.

Mungu akupe macho yaonayo mbali, na ulimi usiokauka penye haki. Akupe kazi isiyomtoa mtu machozi, na kila uendako ushuke salama, upande salama, uwakute wa kwenu wazima.