Mhadhara Juu ya Utani

Waliotutangulia chuoni walipangiwa kazi kabla hawajarudisha majoho. Sisi tulipomaliza, mambo yalikuwa yamegeuka. Maduka ya ushirika yalikuwa yamefungwa, ya watu binafsi yamefunguliwa, serikali ilisema haina nafasi, na mwenye digrii aliambiwa ajitafutie kama muuza mitumba. Nilijitafutia. Walimu wa anthropolojia na wa ustawi wa jamii walikuwa na mradi wa kupeleka mihadhara ya wazi na warsha wilayani, kwa fedha za shirika la nje, na walihitaji mtu wa kutangulia vijijini kuandaa. Kwa kuwa nilizaliwa Lindi, nilionekana nafaa kwa Kilwa. Nilichukuliwa kwa majaribio.

Mhadhara wa kwanza ulifanyika Kilwa Masoko. Walikuja watumishi wa serikali wachache, na nusu yao waliondoka baada ya soda. Mwenye mradi, mhadhiri aliyenifundisha mwaka wa mwisho, aliniambia kwamba wa pili ungefanyika Nangurukuru na kwamba ofisa wa shirika angekuja mwenyewe kutazama. Watu wakijaa, ningepewa mkataba. Wasipojaa, basi.

Mada niliipendekeza mimi: jinsi watani wanavyofariji wafiwa. Ndiyo niliyoandikia tasnifu. Nilifikiri watu wangependa kusikia habari zao wenyewe. Kisha nikafikiri huenda wasipende, kwa sababu wanazijua. Kisha nikafikiri kwamba mtu anayezijua habari zake hupenda zaidi kuona kama mgeni atazikosea. Mawazo hayo niliyageuza kila siku nilipokwenda kunywa chai kwenye kibanda cha mzee mmoja pale njia panda.

Mzee huyo alikuwa Mngindo wa Likawage. Alifungua kibanda mabasi yalipoanza kuwa mengi, na alisifika kwa jambo moja: hakumruhusu mtu kukaa na kikombe kitupu. Alikuwa akikipokonya mkononi. "Chai ikiisha, kikombe changu. Nyanyuka, wenye njaa wanashuka." Aliposikia kwamba mimi ni Mmwera alifurahi, kwa kuwa Wangindo na Wamwera ni watani, akaniita Mmwera wa karatasi.

"Hivi mtasomeshwa mpaka lini ndipo mjue kuoga?" aliniuliza siku moja mbele ya abiria.

Nilitabasamu tu. Jibu lilinijia jioni, tena zuri, lakini nililiona limechelewa na nikalala nalo. Hata hivyo aliniahidi kwamba siku ya mhadhara angefunga kibanda na kuja. "Nije nifundishwe na Mmwera namna ya kumtukana Mmwera."

Ukumbi ulikuwa duka la zamani la ushirika, rafu tupu mpaka darini. Mabenchi niliazima shuleni. Mgambo alipita nyumba kwa nyumba kutangaza, na mkewe mwenye nyumba nilikopanga aliwaambia kina mama wote wa msikitini. Usiku wa kuamkia siku yenyewe nilikuwa na hakika kwamba watu wangejaa, na hakika hiyo nayo ikanitia wasiwasi.

Yule mzee alifariki baada ya sala ya alfajiri. Nilijua nilipokuta kibanda kimefungwa na mabenchi yake yamebebwa kupelekwa nyumbani kwake, nyuma ya kituo. Watu wote walikuwa wanaelekea huko. Mtu aliniambia watazika alasiri, wanangoja ndugu kutoka Likawage. Mhadhara ulikuwa uanze baada ya adhuhuri.

Sikuwa na namna ya kuwazuia wageni. Walilala Rufiji, na saa ile bila shaka walikuwa wameshavuka pantoni ya Ndundu na wako njiani. Nikienda msibani, watafika wakute mlango umefungwa. Nikikaa ukumbini, watanikuta mimi na mabenchi. Nilifikiria kuacha karatasi mlangoni, nikaona itaonekana utovu wa adabu. Basi nikaingia ukumbini nikaanza kufuta ubao, ingawa ulikuwa safi.

Hapo ndipo aliponikuta mkewe mwenye nyumba wangu. Naye ni Mngindo. Alisimama mlangoni, khanga imefungwa kiunoni, mikono ina unga.

"We Mmwera. Maiti ya Mngindo iko ndani na wewe unacheza na chaki? Au unangoja tukuletee hapa umwone?"

"Mama, shikamoo. Poleni sana. Nina wageni, nilikuwa nafikiri..."

"Marahaba. Utafikiri kesho. Mjane hajatia kitu mdomoni tangu alfajiri, na mtani wetu yule mama muuza mitumba yuko Dar, kafuata mabelo ya nguo. Wamwera wengine hapa wote wanaume, hawawezi kuingia kwa mwenye eda. Mwanamke umebaki wewe."

Nilimfuata. Njiani nilijaribu kukumbuka sura ya tatu ya tasnifu yangu, ile ya kazi za mtani: kuigiza marehemu, kunyang'anya vitu, kuwachekesha wafiwa mpaka wale na kulala. Niliiandika vizuri. Mhadhiri aliisifu.

Chumba kilikuwa kimejaa wanawake juu ya mikeka. Mjane alikaa pembeni, mwili wote umefunikwa, kikombe cha uji mbele yake kimefanya utando. Wote walinitazama. Nilipiga magoti nikasema, "Samahanini jamani, mimi si mwenyeji sana, na kama nitamkosea mtu naomba..."

"Mtani gani anaomba samahani?" mmoja akauliza, na hakuwa anacheka. "Mwambieni aende akakae na wageni."

Mwingine akasema, "Labda si Mmwera. Labda wamemkosea kule chuoni."

Nilielewa nilichofanya. Mtani akiomba radhi anajitoa; anasema msiba huu haunihusu, nimepita tu. Nilitaka kueleza kwamba sikuwa na maana hiyo, lakini kueleza kungekuwa kuomba radhi mara ya pili. Nikanyoosha mkono, nikashika kikombe cha uji.

"Mama," nikasema, na sauti yangu nikaikwaruza kama ya marehemu, "umekikalia kikombe changu tangu asubuhi. Kama hunywi nipe. Basi la Mtwara limefika, wenye njaa wanashuka."

Mjane akainua macho.

"Siyo hivyo," akasema taratibu. "Yeye hakuwa akiomba. Alikuwa anapora."

Nikapora. Naye akakivuta kikombe upande wake, uji ukamwagika kwenye mkeka, na wanawake wakacheka, kwanza wachache, halafu chumba kizima. Mjane alikuwa analia, lakini alikunywa.

Gari la wageni lilichelewa njiani, likafika muda mfupi kabla jeneza halijatolewa kwenda msikitini. Mhadhiri alivua viatu akakaa mkekani na wanaume bila kuuliza chochote. Ofisa wa shirika, bwana wa makamo aliyevaa suti ya rangi ya majani makavu, alikwenda kuzika pamoja nao, kisha aliporudi akanivuta kando, karibu na gari. Mhadhiri alikuja pia.

"Pole kwa msiba," ofisa akasema. "Sasa nimekuwa nikitazama. Watu wamejaa hapa kuliko ukumbi wowote. Na mada yenyewe si ndiyo hii? Tusogeze ubao. Mwalimu aseme kwa ufupi, na wewe uwaeleze ulichofanya humo ndani. Nimesikia umefanya vizuri. Mimi nitaandika kwamba mhadhara umefanyika."

Mhadhiri alinigeukia. "Wewe ndiye mwenyeji," akasema.

Nilijua nitakachopata nikikubali. Kusogeza ubao ni kazi ya dakika chache, watu wangesikiliza kwa heshima, na mkataba ungetiwa saini kabla gari halijaondoka. Ndiyo ajabu: safari hii sikuligeuza jambo kichwani. Nilisema haiwezekani. Nilimchekesha mjane kama mtani, na nikisimama mbele ya watu kueleza nilivyomchekesha, nitakuwa nimemfanya mfano, na wale kina mama wataona kwamba nilipopora kikombe nilikuwa kazini.

"Lakini si ulikuwa kazini?" ofisa akauliza. Hakuwa na ubaya. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Nilisema mhadhara unaweza kufanyika matanga yakishaondolewa, akija tena.

Hakuweza kuja tena. Alikuwa na ratiba ya Lindi na Mtwara. Aliniambia kwa upole kwamba ataandika ukweli, kwamba mhadhara haukufanyika, na kwamba shirika halina fungu la mihadhara isiyofanyika. Mhadhiri alinipa mkono, akasema tasnifu ile niitunze, labda siku moja nafasi itatokea chuoni. Wakaondoka kabla jua halijazama, nami nikabaki nimesimama, nikihesabu moyoni ni nani nitakayemwambia kwanza nyumbani na kwa maneno gani.

Niliporudi uani, habari ilikuwa imeshafika. Dereva wa wageni alikula pamoja na vijana na hakuficha kitu. Kina mama walikuwa wanaosha masufuria. Mkewe mwenye nyumba wangu alinisogezea sufuria kubwa kuliko yote, jeusi kwa masizi.

"Mmwera," akasema, "tumesikia umefukuzwa kazi. Kaa hapa usugue, angalau ujifunze kazi moja."

Walisubiri. Niliketi, nikachota mchanga wa kusugulia.

"Kazi ninayo," nikasema. "Ya kuwazika Wangindo. Nawatazama hapa, naona haitaisha karibuni."

Mmoja wao alinirushia maji, na wengine wakaanza kubishana nani nianze naye.