Sifa za Dukani

Dukani tunamwita Sifa, na si kwa sababu anazipenda. Kazi yake ni kusimama nje ya pazia la chumba cha kujaribia nguo na kummwagia sifa kila anayetoka. Mimi nakaa kaunta, kwa hiyo namsikia kutwa nzima, mpaka nachoka kwa niaba yake.

Bosi amepiga marufuku kumwambia mteja kwamba nguo haimfai. Basi tukajipangia lugha yetu. Sifa akisema "moto", gauni limemkaa. Akisema "kali", linapita, tusilichunguze sana. Akisema "hatari", gauni limemkataa kabisa, na mimi nateremsha jingine haraka kabla hajajitazama vizuri kwenye kioo. Mteja anachekelea yote matatu. Nani atachukia kuitwa hatari?

Zamani Sifa alikuwa akipeleka vituko hivi nyumbani, na maneno yetu matatu pia, yeye na dada yake wanacheka mpaka mbavu zinauma. Siku hizi hacheki. Miaka ya kusifia imemtia ganzi moyoni. Anasema "moto" kwa sauti ileile anayosemea "funga mlango". Siku moja nikamuuliza kama anaumwa.

"Siumwi," akasema. "Sisikii chochote tu."

Wiki iliyopita dada yake huyo akaja dukani. Ndiye aliyemlea Sifa. Mumewe alimrudisha kwao mwaka jana, na kikao cha kuamua kama ndoa ipo au haipo kilikuwa kesho ya siku hiyo aliyokuja dukani. Wakwe wote wangekuwepo.

"Nataka niingie pale kichwa juu, niseme yangu," akaniambia. Akachagua gauni la kijani, akaingia nyuma ya pazia.

Alipotoka, Sifa alikuwa anatundika blauzi. Akageuza shingo nusu.

"Hatari, dada."

Mkono wangu ulishafika kwenye gauni jingine. Mazoea mabaya, na dada mtu akauona. Akashusha mabega.

"Kumbe baya hivyo."

Sifa akaacha blauzi. Nadhani ndipo alipomwangalia. Na Mungu anajua, gauni lilimkaa kama lilishonwa juu yake.

"Hapana, dada, neno limenitoka tu. Nilikuwa sijakuangalia. Ni moto, kweli tena."

"Sawa."

"Umependeza, dada. Umependeza sana."

Dada akatabasamu kwa adabu, kama wanavyotabasamu wateja wasionunua. "Asante, mdogo wangu. Usijali, najua ni kazi."

Akalivua, akalikunja, akaliweka mbele yangu kaunta, akaondoka na nguo alizokuja nazo. Sifa akabaki kashika pazia. "Lilimpendeza," akaniambia. Nikamwambia niliona.

Kesho yake aliomba ruhusa akaenda kikaoni. Aliporudi nilimuuliza mambo yalikwendaje. Akasema dada yake alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, mikono mapajani. Walipomuuliza kama ana la kusema, alisema hana.